Sanamu Ilipolala kwa Prisila

Walikuja wanaimba, na Prisila alidhani wanapita tu.

Ulikuwa mwezi wa Rozari, na pale Kawajense, Mpanda mjini, kila jioni lazima usikie kundi linapita na wimbo. Kila jumuiya, yaani Wakatoliki wa nyumba za jirani wanaosali pamoja, ina sanamu yake ya Bikira Maria. Leo inalala nyumba hii, kesho wenyeji wa nyumba hii wanaibeba mpaka nyumba inayofuata, hivyo hivyo mpaka Oktoba iishe. Prisila alikuwa anawasikia kila siku akiwa ndani. Jioni ile alikuwa kwenye kigoda, Agatha wa miezi saba ananyonya, maharage yanachemka uani. Wimbo ukakaribia, ukakaribia, halafu ukasimama mlangoni kwake.

"Hodi wenyewe!"

Kabla hajajibu vizuri, viatu vilishavuliwa barazani. Mama mmoja mnene aliingia wa kwanza, mkeka wake kwapani, akautandika kama mtu aliyefika kwake.

"Mtoto kalala?"

"Hapana, ananyonya."

"Mwache anyonye. Maria naye alinyonyesha."

Wakaingia kumi na wanne, Prisila aliwahesabu. Redio iliyokuwa juu ya meza ikashushwa chini, kikatandikwa kitambaa cheupe, sanamu ikawekwa pale ilipokuwa redio. Prisila alifungua mdomo aseme, akaufunga. Kwao, kijijini Mamba, mtu akishakaa kwako humwambii kwamba amekosea nyumba. Unampa maji.

Na hawa walikuwa wamekosea. Alijua hivyo, kwa sababu yeye hakuwa wa jumuiya yoyote.

*

Prisila alizaliwa Mamba, mtoto wa wakulima wa mpunga, akabatizwa akiwa mchanga kama wote walivyobatizwa. Alimaliza darasa la saba, akaimba kwaya ya kigango, akaolewa na Denis, akazaa Alex. Alex alikaa duniani mwaka mmoja na miezi minne. Homa ikamchukua ndani ya siku mbili.

Watu wa jumuiya ya kule walifanya yote. Walichota maji, walipika, walichimba, waliimba. Yeye alikaa chini katikati yao na ndani yake hamkuwa na sala hata moja. Alitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye pumba, hakuona. Baada ya msiba akaendelea kwenda kanisani, mdomo unafuata wenzake, moyo umenyamaza. Akawa anajiona kama mwizi, anakula pale ambapo hakulima.

Kwa hiyo Denis aliposema wahamie Mpanda afanye bodaboda, Prisila alifurahi kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Huku hakuna anayemjua. Alijiambia kwamba atasali nyumbani polepole, na moyo ukirudi ndipo ataenda kanisani. Hakuona kwamba alikuwa kama mgonjwa anayesubiri apone ndipo aende zahanati.

Jumapili alikuwa anafungulia misa ya redioni. Mwanzo alikaa, akajibu. Baadaye akawa anafua huku anasikiliza. Agatha alipozaliwa akawa anaipunguza sauti mtoto alale, na Jumapili nyingine alisahau kuiongeza. Redio haikuwahi kumuuliza mbona jana hukuja.

Lakini alitaka Agatha abatizwe. Hilo halikumpa usingizi mzuri. Hakuweza kusema kwa nini mtu ambaye hana uhakika na sala yake anataka mtoto wake abatizwe, ila alitaka, kama unavyotaka kumfunika mtoto hata kama wewe husikii baridi. Akaenda parokiani. Katekista akamsikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mama, lete barua ya mwenyekiti wa jumuiya yako."

"Sina jumuiya."

"Basi anza hapo."

Alirudi nyumbani na hasira, na ile hasira ilikuwa ya miezi miwili sasa. Denis alimcheka. Denis hakuwa mtu wa kanisa wala wa kulikataa kanisa, lakini neno la kuchekesha halimpiti. "Yesu alibatizwa mtoni," alisema. "Yeye alipeleka barua kwa nani?"

Prisila alicheka mpaka akamwaga chai. 

*

"Nia ya mwenyeji?" aliuliza mama mnene. Sasa Prisila alishajua kwamba ndiye mwenyekiti, anaitwa Mama Marsela.

"Nia?"

"Unataka tukuombee nini, mwenyeji."

Angeweza kusema afya, au mvua, kwa sababu vumbi lilikuwa limewachosha watu wote. Badala yake akasikia mdomo wake unasema, "Marehemu Alex."

"Nani wako?"

"Mwanangu. Wa kwanza. Tulimzika Mamba."

 Mwaka mzima na zaidi hakuna mtu pale Mpanda aliyewahi kusikia jina hilo likitoka kwake. Jirani zake walimwita Mama Agatha, basi.

"Pole, Mama Alex," akasema Mama Marsela, na wengine wote wakarudia, "Pole, Mama Alex." Kisha, kwa sababu ndivyo ilivyo desturi, wakamwachia mwenyeji aongoze kumi la kwanza la rozari.

Rozari ya watu ina namna yake. Kiongozi anasema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, wengine wanapokea nusu ya pili. Nyumbani, peke yake, Prisila alikuwa anasema nusu zote mbili, na mara nyingi alichoka katikati. Sasa alianza. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya nne alifika "umejaa neema," na maneno yakaishia hapo. Alibaki na punje ya rozari kidoleni. Hakulia, alinyamaza tu, kama siku ile ya msiba.

Hakuna aliyemtazama. Mzee mmoja mwembamba pembeni akamalizia maneno yake kwa sauti ndogo, wengine wakapokea nusu yao, na sala ikaenda. Ya tano, ya sita. Mpaka ya tisa alikuwa hajafungua mdomo, na punje zilikuwa zinapita vidoleni mwake zenyewe. Watu kumi na wanne wanamwombea Alex, ambaye hawakuwahi kumwona hata sura. Prisila alishindwa kuelewa kama aone haya au ashukuru.

Mwisho katibu, kijana mmoja fundi cherehani aitwaye Amosi, akafungua daftari. "Tumshukuru mwenyeji wetu wa leo, Klementina—"

"Siyo mimi," akasema Prisila. Maana sasa ilibidi.

"Siyo wewe nini?"

"Klementina. Alihama, yuko Katumba. Mimi ndiye niliyepanga baada yake. Naitwa Prisila."

Amosi akamwangalia Mama Marsela. Mama Marsela akaliangalia daftari kama limemsaliti. "Ee Mungu wangu. Nimenakili orodha ya mwaka jana! Na huyo Klementina aliandikwa tu, hakuwahi kuja kusali."

Kicheko kilichotoka hapo kilimwamsha Agatha. Bibi mmoja alicheka mpaka akashika mbavu, akawa anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Ni yule mzee mwembamba tu ambaye hakucheka. "Mwenyekiti," alisema, "hapo kuna jambo. Tulikubaliana sanamu hailali nje ya jumuiya."

"Sasa tufanyeje, Mzee Damiano?"

"Tuichukue. Kwa heshima, lakini tuichukue."

Yule bibi akaacha kucheka. Aliitwa Donatille, alikulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa bado na mvuto wa Kirundi. "Baba Damiano, huyu Mama wa watu alifukuzwa milango mingapi kule Bethlehemu? Leo mmekosea mlango, umefunguliwa, wewe unataka umtoe tena?"

"Wewe nawe, Donatille!"

"Nakuuliza tu."

Mzee Damiano akavaa kofia yake. Sanamu ikabaki.

Wengine walipotoka, Prisila akamshika Mama Marsela mkono mlangoni. Aliona akichelewa hatasema tena. Akaeleza habari ya barua.

"Nashindwa kukuandikia leo," akasema Mama Marsela.

"Kwa nini? Si mmesali kwangu?"

"Kwa sababu nusu saa iliyopita nilidhani wewe ni Klementina."

"Kwa hiyo Mungu hanijui mpaka nyie mnijue?" Sauti ilimpanda Prisila bila kutaka.

Mama Marsela hakukasirika. Alikaa tena kwenye ukingo wa baraza, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Mungu anakujua, mama. Sisi ndio hatukujui. Siku ya kumbatiza huyu, padre atauliza nani atasaidia kumlea katika imani, na sisi tutasema tupo. Nitasemaje nipo kwa mtoto ambaye sijui hata analala nyumba gani?"

 Prisila akasema lile lililokuwa chini ya yote. "Na nikija moyo hauna kitu? Mdomo unasali, ndani kimya. Huo si uongo?"

"Hilo sijui," akasema Mama Marsela, na kweli uso wake ulionyesha hajui. "Mimi niliishia darasa la nne. Ila wewe uliponyamaza pale, sala ilisimama?"

"Haikusimama."

"Haya." Akavaa kiatu cha pili. "Kesho unampeleka Maria kwa Donatille, saa kumi na moja. Usichelewe, maana hawezi kutembea mwenyewe."

*

Denis alirudi na vumbi la barabara ya Mwese mpaka kwenye kope. Akasimama mbele ya meza. "Hee! Nani kaipindua redio?"

Prisila akamweleza. Denis akacheka habari ya Klementina, akaitazama sanamu, akavua kofia bila kujua kwamba ameivua. Kisha akarudia utani wake. "Lakini mimi bado nauliza. Yesu alipeleka barua kwa nani?"

"Hakupeleka barua," akasema Prisila, anapakua maharage. "Lakini hakujibatiza. Alimfuata Yohana, akakuta watu, akasubiri zamu."

Lilimtoka tu, hata yeye alilishangaa. Denis naye akabaki na mkono hewani.

"Kwa hiyo umeshakuwa mtu wa jumuiya?"

"Sijui," alisema. "Sijui, baba Agatha. Kula."

Na hakujua. Kesho yake kutwa nzima mawazo yaligongana. Alipokuwa anafua alisema hatakwenda, atamwomba jirani apeleke sanamu. Alipokuwa anaanika alisema ataipeleka, aiache, arudi. Saa kumi na nusu aliifunga sanamu kwenye khanga safi, akambeba Agatha mgongoni, akatoka. Njiani watu walimpisha. Mwendesha bodaboda mmoja alizima injini mpaka Prisila akapita.

Kwa Donatille palikuwa chumba na sebule, mikeka imeshatandikwa. Prisila akaweka sanamu mezani, akageuka aondoke. Mikeka ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni. Akakaa.

"Nia ya mwenyeji?"

"Nyie mnaijua," akasema Donatille. "Ndugu zangu waliobaki njiani tulipokimbia vita Burundi mwaka wa sabini na mbili. Nilikuwa na miaka saba." Akaanza kuwataja. "Generosa. Adolf. Mama yetu mdogo. Na..." Akasimama. Vidole vyake vikawa vinatafuta kwenye kitenge, kana kwamba jina limeanguka pale. "Na... uzee huu jamani. Na..."

"Na Aristide," akasema Mzee Damiano kutoka pembeni, kwa sauti yake kavu ileile ya jana.

"Aristide! Asante, baba. Kitindamimba wetu."

Prisila akamgeukia yule mzee. Huyu hakuwahi kumwona Aristide. Miaka mingapi alikuwa amemtunzia Donatille jina hilo, akalileta siku limempotea mwenyewe? Na kama jina linaweza kutunzwa na watu wengine, sala je? Imani je? Alijaribu kulifikiria mpaka mwisho, likamponyoka. Agatha alikuwa anamvuta nywele.

Donatille akashika rozari yake, akavuta pumzi aanze.

"Na Alex," akasema Mzee Damiano. "Msimsahau yule Alex wa Mamba."

Akasema bila kumtazama mtu, kama anayetaja jina la kawaida kwenye orodha. Donatille akaanza. Sauti yake ilikuwa dhaifu, ikakatika kabla ya kufika nusu. Na Prisila, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, ambaye hadi dakika ile hakujua kama anaamini au hapana, akaona ni zamu ya kujibu, akajibu. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Wengine wakaingia juu ya sauti yake, ikapotea katikati yao.

Walipomaliza Amosi akafungua daftari, akapiga mstari juu ya Klementina. Kalamu ikasubiri. "Niandike, dada?"

Prisila aliitazama ile nafasi tupu. Moyo ulikuwa bado haujampa jibu lolote la maana.

"Andika," akasema. "Nitakuwa nakuja."

Mama Marsela alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni. "Ukija mpaka mwezi uishe barua nitaandika," alisema, ameinama. "Ila ufikirie mapema nani atamsimamia mtoto kwenye ubatizo."

Prisila alitaka kusema kwamba hapa Mpanda hana mtu anayemjua. Akamwona Donatille anakung'uta mkeka huku anamchekea Agatha, Agatha naye anamnyooshea mikono, na badala ya kusema, Prisila akampelekea mtoto.