Jina Nililolazimishwa Kulitaja

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa katika kituo kidogo cha afya, Katuba, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu inanichemka. Uchungu ulianza alfajiri. Saa saba mchana mlango wa kizazi ulikuwa bado mgumu, na mkunga akasema tungoje. Mama mkwe hakutaka kungoja. Kwao, uzazi ukikawia, basi mke amelala na mwanamume mwingine, na mtoto hatoki mpaka mama yake amtaje mtu huyo.

Mkunga alipotoka kidogo, mama mkwe akanikamata mkono.

"Taja jina. Juu yako mutoto iko nakatala kutoka."

"Mama, mi sina na muntu."

"Kama hautaji, atakufa. Taja!"

Sikuwa na mwanamume mwingine, hata wa kuota. Miaka iliyofuata nilisomea ukunga, ndipo hasira yangu ikapata maneno. Homoni huanza kuulainisha mlango wa kizazi siku nyingi kabla ya uchungu, kidogo kidogo, na haziharakishwi kwa makelele. Mbuzi huzaa hivyo, ng'ombe hivyo, hata panya. Nani amewahi kumwuliza mbuzi jina la hawara wake? Tena mama akitiwa hofu, oksitosini, homoni inayolibana tumbo la uzazi, yaweza kupungua, na uchungu ukazidi kukawia. Yaani yule bibi ndiye aliyekuwa akimchelewesha mjukuu wake mwenyewe!

Nilichoka. Nikataja jina la kwanza lililonijia mdomoni, la mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani. Akaniachia, akaenda uani kuwapa habari mashangazi wa mume wangu. Chumba kikatulia. Mkunga akarudi, akanipangusa uso, nikapumua vizuri, na kabla jua halijatua mtoto akalia.

"Munaona?" mama mkwe akawaambia wenzake. "Amesema, njia imefunguka."

Homoni zilizofanya kazi siku zote hizo hazikupata hata asante. Nilipokana, nikaambiwa maji yakimwagika hayazoleki. Upuuzi mtupu! Maji gani, na nani aliyeyamwaga?

Mume wangu hakunipiga wala hakunifukuza. Aliniambia ananiamini, tukaendelea kuishi. Binti yetu sasa yuko sekondari. Juzi alimletea baba yake karatasi ya matokeo, amekuwa wa kwanza darasani. Baba akaipokea, na kabla hajaisoma akamtazama masikio huku akigusa yake mwenyewe, kama afanyavyo tangu siku aliyozaliwa.