Simu Ilisema Picha

Sipendi picha. Watu wa nyumbani wakinisikia nasema hivyo wananicheka, maana kazi yangu hapa Arua ni kutengeneza tovuti za hoteli na shule, na mteja wa hapa haridhiki mpaka picha zitembee, zizunguke, na muziki uanze wenyewe. Nawatengenezea, chakula nitapata wapi? Lakini tovuti yangu mwenyewe, ile yenye jina langu juu, haina kitu kinachotembea. Ni maandishi meusi kwenye uwanja mweupe, herufi kubwa, basi. Binamu yangu alipoiona mara ya kwanza alishika kichwa. "Hii iko nyeupe kama unga ya muhogo! Wateja watasema umefilisika."

Nikamwambia sikuitengeneza kwa ajili ya wateja. Niliitengeneza kwa ajili ya dada yangu.

Sisi ni watoto wa askari, wa nyumba moja ya Awindiri, hapa hapa Arua: kaka mkubwa, kisha dada, kisha mimi kitinda mimba. Dada aliolewa Ludara, kule Koboko, na mumewe alipofariki akabaki huko huko na karanga zake na muhogo wake. Macho yalimwishia polepole. Presha ya macho, walisema, na walipolisema hilo hakukuwa na la kufanya tena. Kaka, aliyekuwa dereva wa malori ya kuvuka mpaka, akamnunulia simu inayosoma kwa sauti kila unachokigusa. Dada aliipenda simu ile na kuigombeza kutwa. "Huyu mama wa ndani anaongea Swahili ya redio," alikuwa akisema. "Ananiona mimi mushamba."

Kwetu mtu akifa asubuhi, jioni yuko chini. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, sanda inafunuliwa usoni, na ndugu wa damu wanapita mmoja mmoja kuaga. Anayeona anaaga kwa macho. Dada anaaga kwa mkono, hana njia nyingine.

Siku Mama alipofariki mimi nilikuwa Kampala. Binamu ana duka la kuchapa kadi na matangazo, na mkono wake ni mzuri, sikatai. Alitengeneza tangazo la msiba: uso wa Mama katikati, maua pembeni, jina na saa ya maziko chini, vyote ndani ya picha moja. Likatumwa kwenye kundi la familia. Kila mtu aliliona, na kila mtu akajua kwamba wenzake wameliona, kwa hiyo hakuna aliyepiga simu. Dada aliligusa. Simu ikasema, "Picha." Akadhani ni yale maua ya kutakiana asubuhi njema ambayo shangazi hututumia kila siku bila kuchoka. Akachukua jembe, akaenda shambani. Habari aliipata kesho yake sokoni Koboko, kwa muuza nguo aliyempa pole.

"Mama iko chini," aliniambia, "na mimi napalilia karanga."

Nilikasirika. Niliwauliza matangani, hivi mlifikiri nini? Wakanijibu wote kwa sauti moja kwamba lilikuwa kwenye kundi, na nisiwavurugie msiba.

Ndiyo maana nikatengeneza ule ukurasa mweupe. Niliufanya mwepesi ufunguke hata Ludara, ambako mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Nilitia vichwa vya habari ili dada aruke kutoka habari moja hadi nyingine bila kusikiliza kila kitu. Pa kugusa sikuandika "bonyeza hapa". Hapa ni wapi kwa mtu asiyeona? Niliandika mahali panapokupeleka. Na picha, zile chache nilizoweka, kila moja niliipa maneno yake, ambayo anayeona hayaoni lakini simu inayasoma.

Nilikwenda Ludara kumfungulia mwenyewe. Tuliketi kwenye mkeka barazani kwake. Akagusa, na yule mama wa redio akasoma: "Mama amesimama mlangoni Awindiri, amejifunga kitambaa cha bluu, ameshika sufuria, anamgombeza mpiga picha."

Dada akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema, "Kitambaa ilikuwa kijani."

"Dada, ni bluu. Naiona hapa."

"Wewe unaona picha. Mimi nilimununulia ile kitambaa, kwa soko ya Koboko. Kijani. Andika kijani."

Nikaandika kijani. Mpaka leo ni kijani.

Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri alifungua habari za nyumbani: nani amejifungua, nani anaumwa, nani amesafiri. Jamaa wakaanza kuniambia, "Hii weka kwa ukurasa ya dada yako." Nilifurahi. Kaka alikuwa akimpigia dada kila Ijumaa, akaacha. Nilipomuuliza akasema, "Si unaandika? Anajua yote." Hata hilo nililipokea kama sifa.

Kisha Kaka akaanza kuumwa figo, tukampeleka hospitali ya mbali, upande wa Gulu. Kabla sijaondoka naye, dada alinipigia simu. Hakulia. "Mama nilikosa," akasema. "Huyu nisikose. Nataka kushika uso yake mbele hawajafunga." Nikamuahidi. Wallahi, nilimuahidi.

Kaka alifariki alfajiri. Nikiwa garini na mwili wake nilimpigia binamu aandae nyumba, na neno langu la pili lilikuwa, "Dada?"

"Usiwe na wasiwasi," akanijibu. "Nimeshaweka kwa ukurasa yake."

Neno la siri la ukurasa nilimpa mimi, ili nikisafiri habari zisichelewe. Nikashusha pumzi. Nilijiambia, alhamdulillahi, leo kazi yangu imefaa kitu. Nikaendelea kuwapigia wachimba kaburi na watu wa msikiti.

Tulifika Awindiri adhuhuri imeshapita. Niliingia kwa kina mama nikamtafuta dada, sikumwona. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wangu. Yarabi! Kaka katikati amevaa suti, maua pembeni, herufi za dhahabu, jina na saa ya maziko, vyote ndani ya picha moja. Chini hakuna neno. Mahali pa maneno ya kusomwa palikuwa patupu.

Binamu alikuwa amesimama karibu nami, macho mekundu. "Nimeipamba," akasema. "Ile yako ilikuwa kavu sana kwa mutu kama Kaka." Alimpenda Kaka kuliko alivyompenda baba yake mwenyewe. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia naye, na sikufanya hata moja.

Nilimpigia dada, hapatikani; shambani kwake mtandao haufiki. Tukatuma bodaboda. Nikawaomba wazee tungoje. Baba mdogo alinisikiliza kwa upole kabisa, kisha akasema mwili umesafiri tangu alfajiri katika joto hili, na Kaka asingetaka kuwekwa bila kuzikwa. Sanda ikafunuliwa, tukapita. Ikafungwa. Tukamzika alasiri.

Zamani, kabla ya ukurasa ule, mtu angepanda pikipiki asubuhi ile ile akaenda kumwita. Hata siku ya Mama labda mmoja angekumbuka, kama kundi lisingekuwepo. Safari hii sikutuma mtu hata mimi niliyeahidi, kwa sababu nilikuwa na ukurasa. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni pa kuponea.

Dada alifika magharibi, miguu bado ina udongo wa shamba. Alijua tayari, dereva wa boda alimwambia njiani. Wanawake walimpisha, akaketi mkekani, akanyoosha mkono mpaka akanipata.

"Ile kitu ya asubuhi," akasema. "Simu ilisema picha. Ilikuwa yeye?"

"Ilikuwa yeye."

"Na wewe ulisema kwa ukurasa yako picha zote ziko na maneno."

"Nilisema."

"Nikangoja maneno. Hakuna. Nikasema basi ni maua tu." Akatoa simu yake kifuani. "Fungua. Iko wapi kwa kioo?"

Nikafungua. Nikakishika kidole chake, nikakiweka pale. Hapa ni paji la uso, nikamwambia. Hapa ni shavu. Akaanza kupapasa taratibu, kama ambavyo angempapasa Kaka, na kila alipogusa yule mama wa redio alisema, "Picha." Akihamisha kidole, "Picha." Nikanyoosha mkono nizime sauti, akanisukuma.

"Iko moto," akasema. Simu ilikuwa imekaa kifuani pake njia nzima. "Yeye alikuwa moto?"

"Hapana, Dada. Alikuwa baridi."

Akaondoa kidole kwenye kioo.

"Basi si yeye," akasema, akaniwekea simu mkononi.