Majibu ya Mdogo Wangu

Mie si mtu wa kuficha hasira, na katika jambo hili aliyenikasirisha kuliko wote ni mie mwenyewe.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini kwetu, karibu na Mtambile. Tuliitwa mjini Wete, tukapewa simu na mafunzo ya siku tatu. Ndani yake mna akili mnemba, wakatwambia, inayopima hatari ya mama mjamzito. Simu inauliza, mama anajibu, wewe unabonyeza. Ikitoa kijani, mama abaki nyumbani. Ikitoa nyekundu, ni hospitali papo hapo. Na tukasisitiziwa tuandike anachosema mama, si tunachodhani sisi. Sharti lile nililipenda, maana nilikwisha kusemwa sana na waume za watu kwa kuwapeleka wake zao hospitali bure.

Asubuhi hiyo nikaenda kwa mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, mimba yake ya miezi minane. Ulikuwa msimu wa karafuu. Nilimkuta kakaa jamvini na mkwewe, mama wa mumewe, wanachambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake. Nikatoa simu.

"Ushaanza na mtihani wako, dada," akanicheka.

Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma. Akamtupia jicho mkwewe, akasema, "Kidogo tu, alhamdulillahi." Macho je, yanaona ukungu? "Hapana." Na huku anapapasa, makonyo anayatia kwenye karafuu, hata mkwewe akamwambia taratibu, "Mwanangu, angalia unachokifanya." Uso umevimba? "Nimelala sana, dada."

Ulikuwa umevimba. Niliuona kwa macho yangu haya, kope zimejaa. Lakini kwetu mwanamke halalamiki mbele ya mkwe, tena msimu wa karafuu, ataonekana mvivu. Hilo nalijua tangu utotoni. Simu ingelijulia wapi? Nami mjuzi nikabonyeza kidogo, hapana, hapana. Ikatoa kijani, na wallahi nilifurahi. Nikamwambia mkwewe, "Bi, huyu hana neno," nikaenda zangu nyumba ya pili.

Adhuhuri mkwewe akanipigia, ananiita nije mbio. Nilipofika nilimkuta mdogo wangu anatetemeka mwili mzima palepale jamvini, povu mdomoni. Kifafa cha mimba. Tulipata gari ya jirani. Njiani nilimpakata kichwa, namwita, namgombeza, namuomba radhi, yote kwa pamoja, na yeye hanisikii. Hospitalini walimhangaikia kwa kila walichokuwa nacho. Mtoto wa kike akatoka mzima. Mamake alifariki kabla ya magharibi.

Daktari aliniuliza kama hakuwa na dalili yoyote tangu asubuhi. Nikasema hakulalamika. Ndivyo nilivyosema, na mpaka leo ulimi wangu unaniudhi.

Watu walipokuja kutupa pole waliilaumu ile simu. Ati mashine itajua nini mambo ya wanawake wa Pemba. Nikawaacha waseme, maana iliniondolea mzigo kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu, khitma ya kumsomea Kurani ilipokwisha na wasomaji wakaondoka, niliingia chumbani kwake nikafunga mlango. Nikaifungua simu, nikaanza upya: umri wake, mimba ya ngapi, miezi mingapi. Safari hii nikajibu nilichokiona. Kichwa, sana. Macho, ndiyo. Uso, ndiyo.

Haikuchukua muda. Kioo chote kikawa chekundu, na maandishi makubwa: Mpeleke mama hospitali sasa hivi. Kisha ikauliza kama nimepata gari ya kumpeleka. Nikabonyeza hapana, nikakaa kitandani kwake nikilia, hata mkwewe akaja akanitoa simu mkononi.