Kikombe Alichokikataa Vestina

Pikipiki iliyombeba Esteri iliteremka kuelekea mjini Kasulu saa moja jioni, yeye akiwa amebanwa katikati ya dereva na mdogo wake Nduwayezu ili asianguke kwa maumivu ya tumbo. Saa nane za usiku Vestina, jirani yake, alikuwa bado ameketi kitandani, simu mkononi, akingoja habari.

"Mama Niyonzima, lala," mumewe alinung'unika. "Wewe si daktari."

Hakulala. Ile jioni, wanawake waliposimama kando ya barabara ya Heru Juu kuitazama pikipiki ikiondoka, Therese, mwenzake wa kanisani, alisema, "Labda leo amejisahau akanywa kikombe cha mgeni." Wakacheka, vitenge midomoni. Vestina naye alisikia kicheko kikimpanda, akakimeza. Hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Alijua maneno yale yalianzia wapi.

Yalianza mwezi wa tatu, katika wiki ya injili. Vestina ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisani wanaotembea nyumba kwa nyumba. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini akifungua Biblia barazani kwa mtu, hata walevi huweka chupa chini. Siku hiyo walifika kwa Esteri, mjane aliyehamia kutoka Kagerankanda mwaka uliotangulia. Aliwatandikia mkeka, akasikiliza somo zima la kumpenda jirani, akajifuta machozi, akasema Jumapili atakuja. Kisha akaleta togwa. Akafanya kama wafanyavyo watu wa huku: akaonja yeye kwanza mbele ya macho yao, wageni waone kwamba ni salama, halafu akampa Vestina kikombe kwa mikono miwili.

Vestina akakitazama. Alikuwa amesikia bombani kwamba mume wa Esteri alikufa ghafla, baada ya chakula cha jioni. Yalikuwa maneno ya foleni ya maji tu. Lakini yeye ni mtu wa hofu tangu utotoni. Mama yake, aliyevuka mpaka kutoka Burundi na mtoto mgongoni, aliwafundisha kutokula kwa watu wasiowajua.

"Samahani, dada," akasema. "Leo nimefunga."

Wenzake wanne nao wakafunga papo hapo.

Nusu saa baadaye walikuwa kwa Anania, nyumba ya tatu kutoka pale, kila mmoja na soda yake. Esteri akapita njiani na mzigo wa kuni. Akawaona. Aliuweka sawa mzigo kichwani, akaenda zake.

Huku kwetu, kumkatalia mtu kikombe alichokwisha kukionja ni kumwambia kwamba ni mtu wa sumu. Jumapili Esteri hakuonekana kanisani. Maandazi aliyokuwa akiwauzia wanafunzi yakaanza kurudi naye nyumbani. Vestina aliyaona hayo. Yeye huona kila kitu, nani amepita, nani amekonda. Kila siku beseni lilirudi limejaa vilevile, likapita mbele ya mlango wake, naye akainama kuchambua maharage ambayo alikwisha kuyachambua. Neno moja tu kanisani lingetosha kumsafisha Esteri. Lakini alipoitwa mbele, ilikuwa kupigiwa makofi kwa bidii yake ya injili, naye akayapokea makofi.

Alfajiri simu ikalia.

"Ni kidole tumbo, mama," Nduwayezu alisema. "Wamempasua. Anaendelea vizuri. Huko watu walikuwa wanasemaje?"

"Walikuwa wanamwombea," akajibu Vestina, na alipokata simu uso ulikuwa unamwaka moto.

Esteri alirudi siku ya tisa, Jumamosi. Vestina akaenda kwake bila Biblia. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Mama Niyonzima. Mwakeye, dada, umeamkaje? Nimekuja kuomba maji ya kunywa."

Sauti ikasikika karibu kabisa na mlango. "Umemaliza kufunga?"

"Sikuwa nimefunga."

"Najua. Ile soda ilikuwa nyekundu."

"Nisamehe, dada."

"Kikombe ulinikatalia mbele ya watu. Msamaha unakuja kuniomba mlango umefungwa, hakuna anayesikia."

Komeo halikusogea. Hapo Vestina akawaona Therese na wale wengine watatu wakija, Biblia kwapani, wakimtafuta kiongozi wao. Miguu yake ilikwisha kugeukia migombani akajifiche.

"Ehee, mama kiongozi!" Therese akaita, akicheka. "Umekuja kuangalia mgonjwa? Angalia, usionjeshwe kitu!"

Vestina akarudi mlangoni. "Therese, siku ile sikuwa nimefunga," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliogopa maneno ya bombani. Nikadanganya, Biblia iko mapajani. Mama huyu hajamfanyia mtu ubaya. Mimi ndiye niliyewafundisha kumwogopa."

"Shii! Watu wanasikia."

"Wasikie."

Na kweli walisikia. Mwanamke mwenye kapu la mihogo alisimama. Anania akatoka uani kwake akiwa na jembe. Vestina aliona aibu mpaka masikio yakavuma. Akatamani ardhi imfiche, nayo haikumficha.

Ndipo komeo likalia.

Esteri alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeshika kikombe cha maji.

"Leo sionji," alisema.

Vestina akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, wakimtazama, bila kuthubutu kuinua macho. Alipoyainua, Esteri hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiwatazama wale wanne nyuma yake, huku ameuachia mlango wazi.

"Na ninyi?" aliuliza. "Bado mmefunga?"