Simu za Mama Beth Mchana wa Jua

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu. Naitwa Risper, nilitoka Busia nikaja kufundisha Endarasha, na mambo ya mizimu huwa nawaachia wenyewe. Lakini mchana ule simu yangu ilipolia, nikasikia sauti ya marehemu Mama Beth ikinifokea, "Wewe! Bado umekaa? Sakitu inakuja, funika viazi!" jameni, niliitupa simu ndani ya sufuria ya sukuma wiki. Nje jua lilikuwa linawaka. Sakitu gani?

Sauti yenyewe tuliijua. Wanafunzi wa chuo kikuu na mwalimu wao, Daktari Katunge, walikuwa wamekaa na kikundi chetu cha wakulima. Hawakuja na mradi tayari kwenye gari. Walituuliza tunaumia wapi, tukasema ni sakitu, ile baridi inayochoma majani ya viazi yakawa meusi. Wakatengeneza kidude cha kupima baridi, wakakifunga kwenye nguzo shambani kwa Mzee Ngatia, kule bondeni. Baridi ikianza kuzidi jioni, kidude kinatupigia simu sote. Wakauliza sauti iwe ya nani. Tukacheka, tukamchagua Wacera, mke wa Ngatia, yaani Mama Beth, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaidi mdomo wa yule mama. Na kweli, msimu ule hatukupoteza viazi.

Kisha Mama Beth akafa, tukamzika, na hakuna aliyekumbuka kwamba sauti yake iliyorekodiwa imebaki kwenye kidude.

Simu zikaanza mchana, tena siku za joto. Watu walikata kabla hajamaliza. Kinoti, muuza nyama wa buchari, alisema marehemu anatuita tumfuate, akazima simu yake kabisa, na wengi wakamwiga. Hapo ndipo niliogopa kweli, maana sakitu halisi ikija, nani atajua? Nilimpigia Daktari Katunge. Akasema, "Mwalimu, kidude hakijaharibika. Kinapima baridi kweli hapo kwenye nguzo."

Baridi gani, na jua lile?

Kesho yake baada ya chakula cha mchana nikateremka bondeni mwenyewe. Upepo ulikuwa umetulia, hata ndege sikumsikia. Matone mekundu yalikuwa yakiteremka kwenye nguzo. Karibu nipige kelele, kisha nikamwona Mzee Ngatia amenipa mgongo. Alikuwa amezungushia kidude kitambaa cha kichwa cha mkewe, na ndani yake amejaza barafu nyekundu za kunyonya, zile wanazouziwa watoto wa shule dukani. Kumbe wajukuu aliodai anawanunulia hawakuwahi kuzionja!

Simu yangu ikalia mfukoni. Yake pia. Akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Nimesikia, Mama Beth," akasema. "Naenda kufunika."

Nilikasirika nikasahau adabu. "Baba Beth! Watu wamezima simu kwa sababu yako! Sakitu ikija tutakula nini?"

Aligeuka, machozi yamemjaa. "Mwalimu, hii nyumba imenyamaza sana."

Hasira ikaniisha hapo hapo.

Daktari Katunge alikuja na hakumgombeza. Alisema sauti mpya iwe ya Beth, binti yake mzee, na ile ya zamani aiweke kwenye simu ya mzee, aisikilize wakati wowote.

Ngatia akatikisa kichwa. "Hapana, Daktari. Hiyo ni mimi nitakuwa nimemwita. Mimi nataka yeye anitafute."

Hata hivyo alisimama mbele ya kikundi akaomba msamaha, na watu wakawasha simu zao.

Sakitu ya kweli ikaja jioni moja ya Julai. "Wazazi wangu, tafadhali funikeni viazi," Beth alisema kwa upole, na vijiji vyote vikatoka na nyasi kavu. Nikiwa juu shambani kwangu, nilimwona Ngatia mlangoni, simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi na kuiweka mapajani. Nilidhani anapumzika kidogo kabla ya kutoka.

Asubuhi mashamba yetu yalikuwa ya kijani. La Ngatia lilikuwa jeusi lote, kutoka njiani hadi kwenye nguzo. Nilimkuta amekaa pale pale.

"Baba Beth, si ulipigiwa?"

"Nilipigiwa," akasema. "Nikawa nangoja anigombeze."