Unga Mweupe Juu ya Nta

Siku ya kwanza kazini nilivaa kanzu. Chekeni mtakavyo, lakini mimi ni mtoto wa Tabora mjini, mwana wa fundi cherehani, na zama hizo mtoto wa mjini hakuanza kazi ya maana na kaptura. Nilishuka kwenye gari moshi kituo cha Mninga Mmoja, upande wa magharibi, karibu na njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Kufika adhuhuri kanzu ilikuwa imejaa matone ya nta toka kifuani hadi miguuni, na Fundi Mkuu wa kiwanda cha nta alicheka hata akakaa chini.

"Umekuja kusali au kupika nta?" akaniuliza.

"Vyote viwili, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi anza na kupika, kusali saa yake bado."

Mninga Mmoja ulikuwa mji mdogo, mitaa mitatu na soko. Watu walilima mtama, karanga na mihogo, na wasiolima walifanya kazi kiwandani kwetu. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda moja refu lenye mtambo wa mvuke na masufuria sita makubwa ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Nilipoingia mara ya kwanza nikaona nta imeyeyuka ndani yake, rangi ya dhahabu, imetulia kimya, nilisema "Subhanallah" kwa sauti. Sikuwahi kujua kwamba mdudu mdogo vile anaweza kujaza sufuria kubwa vile.

Nawaeleza kazi ilivyokuwa, maana leo mnaona mshumaa tu. Warina asali walitoka porini na masega. Nyumbani kwao waliyachemsha na maji, wakayakamua kwa gunia, nta ikaelea juu, ikapoa, ikawa bonge la duara tuliloliita mkate. Mikate hiyo ndiyo waliyotuletea. Sisi tuliiyeyusha upya, tukaiacha itulie hadi takataka zizame, kisha tukaimimina katika kalibu na kuipeleka kwenye gari moshi. Moto ukizidi, nta hugeuka nyeusi, na nta nyeusi Bwana Meneja, Mzungu wetu, alikuwa akiitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi.

Baada ya mwaka mmoja nilipandishwa kuwa mkaguzi mlangoni, pale nta ilipopokelewa. Mkaguzi huvunja ukingo wa mkate, akatazama chembe zake, akanusa, akatafuna kipande. Nta yenye mafuta ya ng'ombe hunata menoni, yenye mchanga utaijua bila kufundishwa. Ikiwa safi unapaza sauti, "Nta safi. Pokea!" Ikiwa mbaya unachora alama nyekundu juu yake na kusema, "Rudisha!" Mlango mzima unasikia. Wallahi nilipenda sauti yangu siku zile, nilikuwa natembea hapo mlangoni na kifua mbele kama jogoo.

Sasa niwaambie juu ya Wapole. Hilo ni jina walilopewa na watu wa mji, wao wenyewe walijiita ndugu tu. Walikuwa familia za Wakristo waliojitenga ng'ambo ya mbuga, wakulima na warina asali. Nguo zao zilikuwa za marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, wake kwa waume. Walisafiri kwa mikokoteni ya ng'ombe hata pale lori lilipokuwa tupu na dereva anawaita. Nyumba zao hazikuwa na msumari hata mmoja, maana mbao walizifunga kwa vigingi vya mti. Hawakushtaki mtu, hawakugombana na mtu, na hawakuapa. Nta yao ilikuwa nzuri kuliko zote, hata Fundi Mkuu alikuwa akiipokea kwa mikono miwili.

Mwaka huo kipupwe kilikuwa kikali. Fundi Mkuu alikuwa amekwenda Ipuli kumwuguza mkewe, nikabaki peke yangu mlangoni. Wapole wakaja na mavuno ya msimu mzima, mkokoteni umejaa. Mbele alikuwa mzee wao, Mzee Yakobo, na mkewe Mama Raheli, ambaye ndiye aliyeimimina nta ile kwa mkono wake. Nikafunua majani, nikaona mikate yote imefunikwa na kitu cheupe, laini, kama mtu aliyepiga chafya kwenye ungo wa unga.

"Mama, umetia unga humu," nikasema.

"Hapana, mwanangu. Ni nta."

"Na huu weupe?"

"Ni nta," akasema tena.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wananitazama. Nikamgeukia mzee. "Basi apa, Mzee. Apa kwa Mungu wako kwamba hamna unga, nami nitapokea."

"Sisi hatuapi," Mzee Yakobo akajibu. "Tumekwambia ni nta."

Kwetu mjini mtu akikataa kuapa mambo yamekwisha. Mwizi ndiye anayeogopa kiapo. Ndivyo nilivyolelewa, na sikufikiri mara mbili. Hata kutafuna sikutafuna. Nikachora alama nyekundu kwenye kila mkate, nikapaza sauti, "Rudisha!" Waligeuza ng'ombe wakaenda, na mji mzima ukabaki ukinong'ona kwamba kumbe hata Wapole ni wezi.

Mkate mmoja ulikuwa umeanguka, ukabaki. Fundi Mkuu aliporudi aliuona juu ya meza, akauliza, nikamsimulia kwa majivuno. Aliuweka mkate mapajani, akausugua taratibu kwa kiganja chenye joto, na ule weupe ukayeyuka wote, nta ikang'aa manjano chini yake.

"Nta safi ikikaa baridini hutoa weupe huu," alisema. "Iliyochanganywa haitoi. Umewaita wezi kwa sababu nta yao ni safi mno. Nenda kawaombe radhi."

"Nitakwenda, Fundi."

Sikwenda. Leo nilikuwa na kazi, kesho miguu iliniuma, keshokutwa mvuke ulikuwa haupandi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wapole nao hawakurudi mlangoni kwetu, wala sokoni hawakuuza nta yao. Kila nilipopaza sauti yangu pale mlangoni, ilitoka nusu.

Mwezi wa tisa, majani yamekauka, nilizidisha kuni chini ya sufuria moja. Nta ikafura, ikamwagika, ikashika moto. Nta inayowaka hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, jambo ambalo nilikuwa nimefundishwa siku ya kwanza, kanzu ikiwa bado mwilini. Nikachota ndoo ya maji nikamwaga. Lahaula! Moto uliruka hadi darini. Tulitoka wote salama, mimi na mkono ulioungua, lakini kufika alasiri banda lilikuwa majivu, na mtambo umesimama uchi juani.

Baada ya siku chache Bwana Meneja alituita uwanjani. "Wakubwa wameandika," akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno. "Mvua ikinyea mtambo huu, wanafunga. Kila mtu kwenda kwao." Fundi Mkuu akasema kujenga banda lile ni kazi ya miezi miwili. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Wanawake wa mji walianza kulia kama msibani, nami sikujua niuweke wapi uso wangu.

Jumatatu alfajiri tulisikia magurudumu. Nilitoka nje nikaona mikokoteni inavuka mbuga, sikuweza kuihesabu, na kila mmoja umebeba nguzo za mninga zilizokwisha chongwa. Walikuwa Wapole, wanaume kwa wanawake. Mzee Yakobo alishuka, akamwamkia Fundi Mkuu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akauliza kitu kimoja tu: mlango ulikuwa unatazama wapi.

Ndugu zangu, nimeona mengi. Nimewaona wakubwa wakipokewa kwa ngoma, nimeliona daraja la chuma likiwekwa. Sijaona kitu kama siku mbili zile. Hapakuwa na makelele wala msimamizi wa kutukana. Mzee aliinua mkono, wanaume arobaini wakashika nguzo. Akaushusha, nguzo imesimama. Tezo zililia pamoja. Wanawake walipika ugali wa mtama na mlenda wa kulisha mji mzima, na watu wa mji, Waislamu kwa Wakristo, tukajikuta tumejipanga katikati yao bila kuitwa. Bwana Meneja alivua kofia, akakaa nayo mkononi kutwa nzima. Mama Raheli aliuona mkono wangu ulioungua. Aliupaka asali, akaufunga kitambaa, akaniambia nisiuloweshe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya pili alasiri nilipewa kazi ya kupaka nta vigingi kabla havijagongwa, ili viteleze viingie sawa. Nikaletewa mkate wa nta. Nikaugeuza. Chini yake kulikuwa na alama nyekundu, na mkono ulioichora ulikuwa wangu.

Mzee Yakobo alikuwa juu ya boriti, nyundo ya mti mkononi. Nikamwita.

"Mzee, nta hii..."

"Ni ile."

"Mbona hamkuwauzia wenye maduka? Wangeigombania!"

"Wangetuuliza mkaguzi amesemaje. Tungewaambia."

Machozi yakanitoka mbele za watu. "Mzee, nilikosea. Ni nta safi. Nilijua tangu Fundi aliporudi, nikanyamaza. Na moto huu ni mimi. Nisameheni."

"Tulikuwa tunangoja useme la nta," akasema. "La moto hatukulijua. Haya, umesema yote mawili. Lete kigingi, jua linazama."

Nikapaka, nikapeleka. Mikate yote yenye alama nyekundu iliishia katika vigingi vya banda lile, msimu mzima wa kazi ya Mama Raheli, hata sikupata nafasi ya kuipokea. Mvua ya kwanza ilitukuta ndani, mtambo unanguruma. Wapole walipoleta nta tena nilitaka kuipitisha bila kuigusa, Mzee Yakobo akaweka mkate mbele yangu: "Kagua kama unavyokagua ya wengine." Nikakagua.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha kununulia cha Usinge, nikarudi kuwa mkaguzi mkuu ghalani Tabora, kisha Fundi Mkuu pale pale Mninga Mmoja. Bwana Meneja alikwenda kwao na bendera yake. Katika miaka yote hiyo sikumwambia tena mtu aape. Nyinyi mnaoanza kazi leo mna mashine za kupimia kila kitu, nazo nazistahi, lakini kabla hujapaza sauti juu ya kazi ya mtu, weka kwanza kiganja juu yake uone.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya mkononi na hotuba ndefu. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto la kupasua kichwa. Hotuba ilipokwisha nikaingia bandani peke yangu. Katika joto lile vigingi hutoka jasho, nta inachomoza pembeni kidogo, na banda zima linanukia asali. Mzee Yakobo na Mama Raheli walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Nikaweka kiganja juu ya kigingi kimoja, nikanusa, nikakwangua kidogo kwa ukucha nikatafuna. Kisha nikapaza sauti yote niliyobakiwa nayo:

"Nta safi. Pokea!"