Jina la Mjomba kwenye Kitabu cha Kituo

Kituo cha polisi cha kitongoji chetu, mbele kidogo ya Diepsloot, huku Afrika Kusini, pale mashamba yanapoanzia, kilizaliwa ndani ya karavani. Nalijua hilo kwa sababu mkuu wa kituo aliniomba niandike historia yake, ukurasa mmoja, isomwe siku ya kufungua jengo jipya la matofali. Nilikuwa na shahada ya historia na sikuwa na kazi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kisha wiki nzima nikajiuliza kwa nini nimekubali.

Nilipewa vitabu vya zamani vya matukio nivisomee kaunta. Mbuzi waliopotea, ugomvi wa mipaka ya ua, gari la polisi lililokataa kuwaka hadi lisukumwe. Kisha nikakuta jina la mjomba wangu, kwenye orodha ya mahabusu.

Mjomba ana spaza, duka dogo la mtaani, tangu alipohamia huku kutoka Tanga. Wapo wanaosema hadi leo kwamba aliwahi kufungwa kwa kuuza friji za wizi. Nimekaa kwake miaka yote ya chuo na sikuwahi kuthubutu kumuuliza. Niliogopa jibu, halafu nikaogopa kwamba ameshajua ninaogopa.

Siku hiyo nilimuuliza, akipanga mikate.

"Walikuwa wanavunja maduka ya wageni," akasema bila kugeuka. "Sajenti mmoja akanichukua anifiche. Penye kufuli palikuwa pamoja tu, chumba cha mahabusu. Na kwa utaratibu wao humfungii mtu bila kumwandika. Akaniandika."

"Kwa kosa gani, mjomba?"

"Aliacha wazi. Nenda katazame."

Nilikuwa nimeshatazama. Mbele ya jina lake, mahali pa kosa palikuwa patupu.

"Basi liandike hilo, lisomwe mbele ya watu," akasema. "Nimechoka kuitwa mwizi na watu wanaokula mikate yangu."

Niliandika. Mkuu wa kituo akaisoma rasimu na kuikata aya hiyo kwa mstari.

"Hapa unawaambia watu tulimfungia mtu asiye na kosa," akasema. "Ongeza mbuzi. Watu wanapenda mbuzi."

Siku tatu nilizunguka nayo kichwani. Duka likivunjwa tena, tutampigia simu nani? Na nisipoisoma, nitakulaje ugali wa mjomba? Nikachapa rasimu isiyo na aya ile. Nikajiambia nitamweleza mjomba baadaye, nikatunga na maneno ya kumweleza, nayo sikuyapenda.

Siku ya ufunguzi mjomba alikaa safu ya pili, kanzu imepigwa pasi. Alikuwa amefunga duka, jambo asilolifanya hata siku ya Idi. Nilisoma kwa Kizulu changu cha kuungaunga. Nilianza na mbuzi, watu wakacheka, mkuu wa kituo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilipofika pale aya ilipokatwa, mjomba alijisogeza mbele na kuweka kiganja nyuma ya sikio.

Nikaishusha karatasi. Nikasema kwamba siku maduka yalipovunjwa, sajenti alimficha mwenye duka chumba cha mahabusu, akamwandika kitabuni, na mahali pa kosa hakuandika kitu.

"Kwa hiyo zile friji?" akauliza mama anayeuza maandazi karibu na lango.

"Friji gani, mama?" mjomba akamjibu. "Wewe umewahi kunywa soda baridi dukani kwangu?"

Watu wakacheka, yule mama kuliko wote. Mkuu wa kituo alinipa mkono, akauachia upesi. Bado nautafsiri mkono ule.

Tangu hapo, gari la polisi likipunguza mwendo mbele ya duka, mimi huacha ninachofanya nikatazama kama watashuka. Mjomba hutoka nje akawapungia.

"Wamefuata mkate," huniambia.

Mara nyingi ni kweli.